Fundi asiyetaka ramani ibahatishe

Saa nane mchana, fundi redio ameinama mbele ya kompyuta kuukuu, bisibisi bado mkononi. Redio ya mteja iko wazi mezani, waya nje, lakini kwa sasa hana habari nayo. Macho yake yako kwenye nukta ya kijani inayopanda mlima katika ramani.

Nukta hiyo ni gari la zahanati. Dereva wake ni binti wa marehemu kaka yake.

Inafika kwenye kona ya korongo, inasimama, inageuka kijivu.

"Hapo ndipo mawimbi hukata," anasema bila kugeuza shingo. "Sasa tunangoja."

Mtaani wanamwita Mama Nukta. Riziki yake ni kutengeneza redio na pasi. Kazi hii nyingine haimpi hata senti: anaangalia mtandao wa redio za ridhaa, watu wenye leseni wanaowasiliana kwa mawimbi kwa kupenda tu. Redio zilizo kwenye magari yao, na kwenye lile la zahanati, hutuma zenyewe taarifa ya mahali zilipo. Ripita, mtambo uliosimikwa kilimani, hudaka taarifa hizo na kuzirusha mbali zaidi, hadi kwenye kompyuta hii. Nyuma ya milima ile, simu ya mkononi ni pambo tu.

Kaka yake ndiye aliyemfundisha ufundi, na ndiye aliyekuwa akiendesha gari la zahanati. Siku moja ya mvua aliondoka na dawa. Dada mtu alikuwa akichungulia ramani huku akiendelea na shughuli zake, na nukta ilikuwa ikisogea vizuri tu.

Kumbe gari lilikuwa limeshatumbukia korongoni, kwenye kona hiyohiyo.

Programu ya ramani ile ilikuwa na tabia ya kubahatisha. Gari likinyamaza, huchukua mwendo na uelekeo wa mwisho, kisha huendelea kuisogeza nukta yenyewe.

"Hata ilipotoka kidogo nje ya barabara, nilidhani ramani ndiyo imekosea," anasema. "Mtu yuko chini kule na mvua inamnyeshea, mimi huku naona anakaribia kufika."

Walimpata kesho yake. Daktari aliwaambia hakukata roho mara moja. Mama Nukta anayasema hayo polepole.

Tangu hapo alizima kule kubahatisha. Nukta isiyosema inabaki pale iliposema mwisho, na ikichelewa kupita kiasi, watu wanatoka kwenda kutafuta.

Msimamo huo umewachosha baadhi ya wenzake. "Tumeshatoka bure mara nyingi," anasema mwenyekiti wa chama chao, mwashi mwenye sauti nzito. "Safari moja tulimkuta yule binti anabadilisha tairi, akatucheka. Nikamwambia Mama Nukta, dada, iache isogee kidogo, watu wapumue. Alinitazama hivi, nikameza maneno yangu."

"Hiyo bure ndiyo naiombea," Mama Nukta anajibu.

Leo nukta imekaa kijivu kuliko kawaida. Anaita redioni, hakuna jibu. Anaita tena. Anaiweka bisibisi mezani. Mwishowe anabadilisha masafa.

"Mwenyekiti, washeni gari."

"Tayari tumewasha," sauti nzito inajibu. Safari hii hakuna utani.

Wamefika nje kidogo ya mji pale nukta inaporudi kuwa ya kijani, ng'ambo ya korongo.

"Shangazi, mawe yalikuwa yameziba njia, mimi na muuguzi tulikuwa tunayasukuma. Usininunie."

"Sijanuna, mwanangu. Endesha taratibu."

Anaweka kipaza sauti chini, kisha analia kidogo, waziwazi, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua pasi yake.

Mpango wake ni kusimika ripita ya pili juu ya korongo, ili kona ile isimnyamazishe mtu tena. Mlingoti umeshachomelewa na mwenyekiti ameahidi kujenga msingi. Kilichobaki ni betri na kibali.

Katika maombi ya kibali ameongeza jambo moja. Kila kituo cha redio hutambulika kwa herufi zake, nazo huonekana kwenye ramani. Ameomba ripita hiyo ipewe herufi alizotumia kaka yake.

"Siku ile ramani ilimweka mahali ambapo hakuwepo," anasema. "Nataka imweke pale alipokuwa."