Nusu ya Maneno ya Fundi

Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwa binti yangu hapa Tunduma, nachambua maharage, redio ikiwa dirishani. Kulikuwa na kipindi ambacho mtangazaji anawahoji wageni wanaoishi kwetu, anawauliza wanatuonaje. Mama mmoja wa Kizambia anayeuza vitenge karibu na mpaka alisema Watanzania ni watu wema sana, ila wanapenda kukwambia njoo kesho, na kesho ukienda unaambiwa mhusika ametoka. Bwana mmoja wa Kikongo akasema mikutano ya kampeni ya hapa anaipenda kwa ajili ya ngoma, zile sera bado hajazielewa. Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa, akawashukuru, akaweka wimbo. Binti yangu naye alicheka. Mimi nilinyoosha mkono nikazima redio, nikamwambia kichwa kinaniuma.

Kichwa hakikuniuma. Nilimkumbuka Fundi, na ninapomkumbuka Fundi siwezi kusikia kicheko cha namna ile nikabaki nimekaa sawasawa. Nimeamua kukusimulia wewe, ndugu yangu, kwa sababu watu niliopaswa kuwasimulia hawapo tena.

Nimelelewa na bibi yangu katika milima ya Ileje, juu ya Ikinga, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne na mtoto huenda shule amejifunga shuka ya mama yake. Tulikula ndizi za kupika asubuhi, ndizi za kupika jioni, na katikati, Mungu akijalia, kande zenye maharage mapya. Bibi alikuwa mzee wa kanisa. Kabla ya kula tulisali, baada ya kula tulisali tena, na mtu mkubwa akipita njiani tulipiga magoti kwenye vumbi au kwenye matope, hatukuchagua, tukamwamkia huku tumeshika viganja. Nashukuru kwa malezi yale. Sikuyalipa vizuri, lakini nayashukuru.

Fundi alikuwa mgeni. Alitoka ng'ambo ya mto Songwe, wala si pale ukingoni ambako tuna ndugu na lugha ni moja. Alitoka mbali ndani ya Malawi, upande wa ziwa. Alikuwa amefanya kazi migodini huko kusini, akapita Zambia, akafika kwetu na cherehani kichwani kabla mimi sijazaliwa. Karatasi hakuwa nayo. Siku zile nani milimani kwetu alikuwa na karatasi? Watu walivuka mto kwenda msibani na kurudi, walivuka kwenda kuoa, na hakuna aliyeulizwa. Kijiji kilimpa kiwanja, akajenga nyumba yenye kibaraza kipana, akashona kaptula za shule yote, magauni ya kwaya na suruali ya mwenyekiti wa kijiji.

Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda kumtungia uzi kwenye sindano. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kibaraza kile kilinukia mkaa wa pasi na kitambaa kipya, na mlio wa cherehani ulikwenda na mazungumzo yake: akiongea polepole, mguu ulikanyaga polepole, akifika kwenye utani, cherehani ilikimbia. Kiswahili chake alikisema kwa kukikata kata, na akikushukuru alisema zikomo. Watu walileta nguo isiyohitaji kushonwa ili tu wakae pale wamsikie anavyotuona.

Alituona kwelikweli. Alisema kwetu mkutano unaitishwa saa nne, watu wanafika saa saba, na kila mmoja anasema amewahi. Alisema duka la ushirika lina mizani mpya kuliko mizani zote alizowahi kuona, maana haijachoshwa na kazi. Sukari haikuwapo, chumvi haikuwapo, mizani ilikuwepo. Alisema, "Ninyi mkutanoni mnasema ndiyo, mkiwa njiani kurudi mnasema hapana. Semeni hapana kulekule, mtafika nyumbani mapema." Mwenyekiti mwenyewe siku hiyo alikuwa amekaa pale akingoja suruali, akacheka akapiga paja. Na kila Fundi alipomaliza neno kama hilo alinielekezea mkasi, akasema, "Karani, andika hilo."

Karani ndilo jina alilonipa, kwa kuwa nilikaa na daftari langu la shule mapajani.

Lakini aliyekaa pale mpaka jioni alisikia na mengine. Wateja wakishapungua, Fundi alisema polepole kwamba ameishi nchi tatu, na ni hapa tu ambapo mkubwa wa mahali alimpa mkono kabla ya kumuuliza anatoka wapi. Alisema ameona mtoto wa mwenyekiti na mtoto wa mchunga ng'ombe kwenye dawati moja, wanagawana kipande cha penseli. Na siku moja, bibi yangu akiwa amekuja kunichukua, nilimsikia akimwambia, "Mama, mimi hapa nasema neno langu, watu wanacheka, na jioni nalala usingizi. Kule nilikotoka hatukuwa tunalala." Bibi akajibu kwamba tumshukuru Mungu. Fundi akasema, "Amina." Hapo hakuninyooshea mkasi, wala hakusema niandike.

Mwaka ule mwalimu wetu wa Kiswahili alitangaza kwamba Siku ya Wazazi kutakuwa na mgeni kutoka wilayani, na mbali na ngonjera kutakuwa na insha moja itakayosomwa mbele ya watu. Kichwa cha insha kilikuwa Mgeni Anavyoiona Nchi Yetu. Mshindi angepelekwa wilayani kwenda kuisoma tena, na angepelekwa kwa gari. Sijui kama unaelewa maana ya gari kwa mtoto wa mlimani wa wakati ule. Nilikuwa nimeliona gari, sikuwa nimelipanda.

Niliandika yote. Hilo nataka ulijue, maana ndilo linalonihukumu. Mara ya kwanza niliandika yote, ya mizani na ya mkutano, na ya kupewa mkono, na ya dawati, na ya kulala. Nikawasomea wenzangu nyuma ya darasa. Kwenye mizani walicheka mpaka mmoja akajiviringisha kwenye nyasi. Nilipofika kwenye kulala, walianza kurushiana mbegu za parachichi. Nikarudi nyumbani, nikachukua ukurasa mpya, nikaandika tena yale tu yaliyowachekesha. Mwalimu aliponiuliza kama hayo ndiyo yote niliyoyasikia kwa Fundi, nilisema ndiyo. Mwalimu alikuwa kijana, anapenda kazi yake, naye alicheka.

Siku ya Wazazi nilisimama juu ya kiti mbele ya watu. Nilisoma vizuri, Mungu anisamehe, nilisoma vizuri sana. Niliiga hata sauti ya Fundi na kile Kiswahili chake cha kukatika. Wazazi walianza kucheka kama walivyozoea kucheka kibarazani, kisha mmoja mmoja wakanyamaza, kwa sababu walikuwa wanamtazama mgeni kutoka wilayani, na mgeni hakuwa anacheka. Nilimalizia kwenye kimya. Fundi alikuwa nyuma, karibu na sufuria za wali. Ndiye aliyepiga makofi, peke yake.

Mgeni alimuuliza mwalimu mkuu huyo mtu ni nani na anaishi hapa kwa karatasi gani.

Baada ya juma moja tuliitwa kwenye ofisi ya kijiji: Fundi, mwalimu na mimi. Mwenyekiti alikaa nyuma ya meza na barua kutoka wilayani mbele yake, amevaa suruali aliyoshonewa na Fundi. Hakuwa na raha hata kidogo. Alisoma ile barua, akaikunja, akaikunjua tena. Alimuuliza Fundi kama maneno yale ni yake. Fundi akaitazama ile barua. Ndipo mwenyekiti akanigeukia mimi, akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, hakuna kingine alichosema? Kama kipo kizuri alichosema juu yetu, kiseme tu hapa, tukiandike."

Nilielewa. Nataka usinionee huruma kwamba nilikuwa mtoto. Nilielewa kabisa kwamba mzee yule ananifungulia mlango ili Fundi apite. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mwalimu alikuwa amesimama pale, naye nilikuwa nimemwambia kwamba hayo ndiyo yote. Nikisema kuna mengine, nitaitwa mwongo, na kwenda wilayani na lile gari vitakwisha. Nikatazama miguu yangu. Nikasema, "Hakuna."

Fundi alinitazama. Sikuona hasira usoni pake, na ingekuwa nafuu kama ningeiona. Akamwambia mwenyekiti, "Mzee, mtoto hajasema uongo. Niliyasema, na nilipoyasema nilikuwa kwangu."

Akapewa siku saba avuke mto, akatafute karatasi kwao, ndipo arudi. Mwenyekiti aliyasema hayo akiangalia dirishani.

Zile siku saba Fundi alishona mchana kutwa. Alimaliza kila nguo aliyokuwa amepokea, hata vifungo. Nilipita njia ya juu kwenda shule ili nisipite kibarazani, na huko juu bado nilisikia ile cherehani. Siku ya nane watu walimsindikiza hadi mtoni. Bibi alibeba chane mbili za ndizi. Mimi nilisema tumbo linaniuma, nikabaki. Sikumwona akivuka. Wenzangu waliniambia alivua viatu, akaitwika cherehani kichwani, na maji yalimfika magotini tu, kwa kuwa kilikuwa kiangazi.

Bibi aliporudi alikaa jikoni, akapepea moto uliokuwa tayari unawaka. Akaniuliza, "Na lile la kulala jioni? Mbona hukulisema?" Nikamjibu nilisahau. Hakunichapa. Aliniambia niteleke maji, na mpaka alipokufa hakuniuliza tena. Wilayani sikupelekwa. Mwalimu aliichana ile insha mwenyewe, na lori la kwanza nililolipanda lilikuwa limebeba kahawa, miaka mingi baadaye, nami sikulifurahia.

Fundi hakurudi. Nyumba yake ilikaa wazi misimu miwili ya mvua, kisha kibaraza kikaanguka.

Nilikua, nikaolewa Mbozi, nikasoma masomo ya biblia, nikawa mzee wa kanisa kama bibi. Mungu amenipa watoto, amenipa uzima, sina la kumdai. Nikiwa tayari na wajukuu, kwaya yetu ilialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa kanisa, huko upande wa ziwa. Safari hiyo nilivuka na hati ya kusafiria, nimeiweka kwenye mkoba pamoja na biblia, na niliuliza kila niliyekutana naye habari za fundi wa cherehani aliyewahi kuishi Tanzania. Siku ya tatu nikapelekwa kwa dada yake, mama mzee sana, aliyekaa kwenye mkeka anakausha dagaa.

Fundi alikuwa amekufa. Dada yake alinipokea kama ndugu. Aliniambia kijijini pale walimwita Mtanzania, kwa utani, maana alikuwa anawachosha: wakisalimiana kwa haraka anawaambia kule mtu anashusha mzigo wa kuni ndipo akuamkie, watoto wakigombana shuleni anawasimulia juu ya kugawana penseli. Alikuwa mgeni kwetu anayetusema, akaenda kwao akawa mgeni anayetusifu. Nikamuuliza yule mama kama aliwahi kusema kwa nini aliondoka. Akasema ndiyo, alisema baridi ya milimani ilianza kumuumiza magoti.

Kisha akanishika mikono yote miwili. Akasema, kwa maneno ambayo mwenzangu wa kwaya alinitafsiria, "Zikomo. Mlimtunza kaka yangu vizuri. Hakuwahi kuniambia neno baya juu yenu hata moja."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa mtu mzima, hapakuwa na gari wala mwalimu. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa ajili ya dakika ile. Badala yake nilimwambia karibu mama, asante, naye alikuwa mtu mwema. Akaleta nsima, ugali wa kwao, na samaki wa kuchemsha, akaomba niombee chakula kwa kuwa ni mgeni na ni mzee wa kanisa. Nikaomba. Nikala, nikashiba, nikaongezwa.

Nilipotuma salamu mwaka uliofuata nikaambiwa amemfuata kaka yake.

Sasa milima ile ina umeme, pikipiki zinafika mpaka kanisani, na vijana nikiwatajia Fundi wananiuliza ni fundi yupi. Mwenyekiti hayupo, mwalimu sijui aliko, bibi analala nyuma ya mgomba. Nimeungama mbele za Mungu mara nyingi, nami naamini amenisamehe. Nimewafundisha wengine kuamini hivyo, sitathubutu kuwa na shaka. Lakini yule mama hakuwa amenisamehe, kwa maana hakuambiwa. Alinishukuru, nami nikaipokea shukrani yake na kuimeza pamoja na chakula chake, nikanawa mikono, nikaaga.