Nguzo Mbele ya Banda la Mama Chapa

Mama Chapa alikuwa na vitu viwili visivyokwama: printa kuukuu na ulimi. Miaka kumi na moja amekaa kwenye banda lake la mabati mbele ya geti la ofisi za jiji, anawajazia watu fomu na kuwachapia. Banda hilo ndilo lililosomesha wanawe watatu, na wa mwisho bado yuko darasani.

Basi meya akasikia mji jirani umeweka intaneti ya kasi, ya bure, na wenye viwanda wanahamia huko. Wee! Wivu ukamshika utadhani kaibiwa mke. Barabara zikachimbwa, nyaya zikalazwa, fomu zote zikapelekwa mtandaoni.

"Habari yako kwisha, Mama Chapa," fundi viatu wa jirani akamcheka. "Sasa watu watajaza fomu wakiwa kitandani."

"Wewe shona soli, domo waachie wenye nalo!"

Wiki ya kwanza banda lilidoda kweli. Ya pili, foleni ikafika barabarani. Kumbe kasi ni kasi: zamani fomu yako ilikataliwa baada ya wiki tatu, siku hizi inakataliwa kabla hujapepesa jicho. Unaambiwa uichape, usaini, ugonge muhuri, uipige picha, utume upya. Uchapie wapi? Kwa Mama Chapa, wapi tena!

Mambo yalipoanza kunoga, lori likaja kubwaga nguzo ndefu ya kurushia mtandao mbele ya banda. Siku ya tatu akatokea afisa mipango, kijana wa tai.

"Shikamoo, mama. Nichapie hii chapchap, printa yetu ofisini imekufa."

"Marahaba, mwanangu. Tuma."

Ikaingia papo hapo. Karatasi ikatoka, Mama Chapa akaisoma kama anavyosoma za wote. Notisi ya siku saba: banda livunjwe, lipishe nguzo. Banda lenyewe? Lake!

Damu ikamchemka. Mkono ukashika kiti, amtwange nacho. Lakini miaka kumi na moja mbele ya geti lile haiendi bure. Akakiachia kiti, akavaa miwani, akakunja uso kama wao wa ofisini.

"Hii haijakamilika, baba."

"Kivipi?"

"Sahihi ya mkurugenzi iko wapi? Muhuri je? Mimi karatasi ya hivi siipokei."

"Mkurugenzi kasafiri, mama. Kaenda kuhutubia kuhusu kasi ya jiji letu."

"Basi akirudi, njoo. Na nakala tatu. Anayefuata!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni fundi viatu, fomu yake iliyokataliwa mara nne ikiwa mkononi.

Huu ni mwezi wa nne afisa anarudi. Mkurugenzi akiwepo, muhuri umefungiwa kabatini. Muhuri ukipatikana, mkurugenzi yuko safarini. Meya anatangaza redioni kwamba jiji linakimbia. Nguzo imelala palepale, na wateja wa Mama Chapa wameikalia, wanasubiri zamu.