Dubu na Mbu Ndani ya Ghala la Korosho

Ipo siku moja ambayo hunirudia kila ninapofika mahali pageni, kabla hata sijaweka begi langu chini. Nimeishi Tanga, nimeishi Kigoma, nimefanya kazi za meli na za mashamba, na mguu wangu huu haujajua kutulia mpaka leo. Lakini nikibaki peke yangu, moyo hurudi kwetu kusini, kwenye ghala moja la korosho, karibu na mahali mto Ruvuma unapoanza kuonja chumvi. Keti, mwanangu, nikusimulie. Mimi si mzee wa mkongojo, hamsini bado sijaigusa, ila jambo hili nimelibeba muda mrefu na nataka nawe ulibebe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ambayo vijana wote wa mtaani kwetu Likombe waliniona nimeula: mkalimani wa gari la sinema. Gari lile lilitoka Mtwara mjini kupeleka filamu vijijini, za namna ya kuchimba choo, namna ya kupalilia mikorosho, faida ya kuchemsha maji. Filamu zilisema Kiingereza. Mimi nilishika kipaza sauti na kuzieleza kwa Kiswahili, na nilipoona nyuso zimekunjamana, kwa Kimakonde. Nilivaa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Kalamu moja haikuwa na wino.

Dereva wetu, ambaye pia ndiye aliyeendesha projekta, alikuwa Mzee Chande, Myao wa makamo, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye niliyemsumbua kuhusu katuni. Ofisini kulikuwa na kabati, na ndani yake mikanda mitatu ya katuni iliyojaa vumbi, ambayo hakuna aliyewahi kuipeleka kijijini. Mimi katuni nilizijua tangu nikiwa shuleni. Sikukuu ya Idi, mchana, tulikuwa tukienda kwenye jumba la sinema la mjini, wenzangu wakisubiri filamu kubwa ya mapanga. Mimi nilikwenda kwa ajili ya zile dakika saba za mwanzo, wanyama wa kuchorwa walipojaza ukuta mzima, wakubwa kuliko nyumba ya baba yangu, wakigongwa wanakuwa bapa kama chapati na kuinuka tena. Nilitaka watu wa vijijini waone kile nilichokiona.

"Mafuta ya jenereta si ya kuchezea," Mzee Chande alinijibu mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Mara ya nne alikuna kidevu. "Haya. Kijiji kimoja tu. Wakicheka, nitazibeba kila safari. Wasipocheka, zinarudi kabatini, na nisikusikie tena."

Tukakubaliana hivyo. Mwanangu, usione ni jambo dogo. Kama zingerudi kabatini siku ile, zingeozea humo humo.

Kijiji chenyewe kilikuwa cha mpakani. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita vya ukombozi, na nusu ya watu pale walikuwa wamevuka kutoka huko na watoto mgongoni. Taa za usiku hazikupendwa, kwa hofu ya ndege za vita. Kwa hiyo sinema tulionyesha mchana, ndani ya ghala. Korosho za msimu zilikuwa zimeshapelekwa bandarini, ghala lilikuwa tupu, na matundu ya hewa tuliyaziba kwa magunia. Tukatundika shuka kubwa jeupe ukutani, tukafunga mlango, na giza likaingia humo saa nne asubuhi, likinuka maganda ya korosho.

Mwenye funguo za ghala alikuwa Mzee Nampoto, mrefu, mkavu, asiyependa upuuzi. Alipoona boksi la katuni aliuliza ni nini, nikamwambia.

"Wanyama wa kuchora?" alisema. "Sisi watu wazima tumeacha kazi shambani tuje kutazama michoro?"

"Subiri uone, mzee."

"Nasubiri. Lakini ghala langu lisije likageuka uwanja wa watoto."

Katuni ya kwanza ilikuwa ya dubu anayetaka kulala, na mbu anayemzuia. Basi tu. Nami nikashika kipaza sauti. Nilianza kwa kueleza dubu ni nini. Nikasema ni mnyama wa nchi za baridi, mwenye manyoya mazito, anakula samaki na asali, na miezi ya baridi yote analala. Mzee mmoja akauliza kama nyama yake inaliwa. Nikamjibu kwa kirefu. Kisha nikaanza kueleza hadithi. "Sasa mtaona, mbu atamtua puani, dubu atajipiga kofi mwenyewe, mbu atakwepa." Mbu akatua, dubu akajipiga, mbu akakwepa. "Sasa atachukua nyundo, ataupiga mguu wake." Akachukua nyundo, akaupiga mguu wake. Nilieleza kila kitu, kabla hakijatokea na baada ya kutokea, na sauti yangu ilijaa ghala zima. Nilikuwa nafurahia kwelikweli.

Hakucheka mtu. Watu walikaa kimya kama wanafunzi wa somo la choo. Mlango ulipofunguliwa, Mzee Nampoto alitoka wa kwanza, akitikisa kichwa. Mzee Chande alianza kukunja waya.

Nilikwenda kukaa nyuma ya ghala. Hapo akanifuata Bibi Filomena, mmoja wa wale waliovuka mto, mama wa Kimakonde mwenye ndonya, kile kipande cha mti kwenye mdomo wa juu, na chale usoni. Nilikuwa nimemwona ndani, amekaa mbele kabisa. Alikuwa na sahani ya ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha. Akaiweka kati yetu, akaanza kumenya.

"Wewe ntoto wa watu," akasema, "mimi ningecheka."

"Mbona hukucheka, bibi?"

"Utacheka nini? Umeniambia atajipiga kofi. Nikangoja ajipige. Akajipiga. Nikaona kweli, huyu kijana si mwongo." Akanipa mmoja. "Mbu unadhani simjui? Nimelala miaka mitatu kando ya mto. Yule mnyama anavyomtafuta kwa sikio kwenye giza, ndivyo ninavyomtafuta mimi. Nilikuwa najiona pale ukutani. Kila nikijiona, wewe unapita mbele."

"Nilitaka muelewe, bibi."

"Wewe ulielezwa na nani?"

Nikakumbuka sikukuu zile, nimekaa kwenye kiti cha mbao miguu haigusi sakafu. Hakuna aliyenieleza. Nikasema hivyo.

"Basi kula," akasema. "Kisha nitamwambia rafiki yako airudie ile picha. Na wewe utakaa na mimi."

Sijui alimwambia nini Mzee Chande, lakini wakati nanawa mikono nilisikia jenereta limewaka. Watu wakarudi, wengine kwa kumheshimu yule bibi tu. Nilikaa kwenye mkeka, na Bibi Filomena akanishika kifundo cha mkono. Kila nilipofungua mdomo, alinibinya. Alikuwa na mkono wa mtu aliyelima maisha yake yote, usidhani nakutania.

Mbu akalia gizani. Dubu akatega sikio. Ghala zima likatega sikio naye. Mbu akanyamaza. Dubu akageuza macho, polepole, akajitazama puani.

Aliyeanza ni yule mzee aliyeuliza habari za nyama. Alitoa kicheko chembamba kama cha binti. Kisha Bibi Filomena, kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kisha sikuweza tena kutenganisha. Watu walijipiga makofi puani wenyewe. Mtu akapiga kelele, "Blanketi, jifunike blanketi," na dubu akajifunika blanketi, na mbu akawa ndani.

Mara gunia likaanguka kutoka kwenye tundu lililokuwa kando ya shuka, na jua likamwagika ndani. Picha ikapauka, dubu akawa kivuli, watu wakaguna. Mzee Nampoto akaburuta kreti, akapanda, na kwa urefu wake akaliziba tundu lile kwa kifua na mikono yote miwili, uso umetazama ukuta. Giza likarudi. Picha ikarudi. Akabaki hapo, haoni kitu, anasikia tu ghala likitikisika kwa kicheko mgongoni mwake.

Vijana wakaanza kumrushia habari. "Mzee, ameingia kwenye pipa. Mzee, sasa mbu amemwita..."

"Msiniambie," akasema, uso ukutani. "Nyamazeni, msiniambie. Nitaiona mwenyewe."

Bibi Filomena aliniachia mkono.

Mzee Chande alionyesha katuni ile mara ya tatu, Mzee Nampoto akiwa ameketi mbele, na mtu mwingine amepanda kreti. Mzee Chande hakutaja tena mafuta. Tulipokuwa tunafunga mizigo aliweka boksi la katuni kwenye kiti cha mbele, katikati yetu, na tangu siku ile halikurudi kabatini mpaka naacha kazi. Katuni ile tuliipeleka vijiji vyote vya mto ule, na hakuna kijiji hata kimoja ambacho dubu alishindwa kuchekesha, kwa sababu mimi nilijifunza kuwasha, kukaa na kunyamaza.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe uliyesoma kunizidi. Ukiwa na kitu kizuri cha kuwapa watu, kiweke mbele yao kisha usogee pembeni. Asiyejua kusoma ana macho, na ameishi mambo ambayo wewe hujayaona hata ukutani. Ukiulizwa, jibu kwa ufupi. Usipoulizwa, kaa kwenye mkeka na wenzako, ucheke nao. Utashangaa jinsi watu watakavyokupenda kwa maneno uliyoyameza.

Nenda, Mungu akufungulie milango ya mbali, akupe kila uendako mtu wa kukubinya mkono kwa wakati wake, na furaha unayowapelekea watu iwafikie ikiwa nzima.