Mwanangu Kanifungia Simu Kwa Kosa la Kuitikia Shikamoo

Admin, jina langu lifiche, ila hasira yangu usiifiche hata kidogo. Na nyie mtakaonipa shikamoo kwenye komenti, marahaba, nawapa mapema kabisa, maana kwangu mimi marahaba imekuwa kesi.

Mimi ni mama wa miaka 66, mjane, mpishi wa shule mstaafu. Naishi Nzuguni hapa Dodoma kwa mwanangu wa kwanza, mtu wa ofisini huyo, tai kila siku. Nawaandikia kwa simu ya jirani kwa sababu yangu imefungiwa kabatini kama ya mwanafunzi wa sekondari.

Mwaka huu nilianza kujifunza kuchora mtandaoni. Ndiyo, kuchora, mcheke mmalize. Kuna binti mmoja anafundisha kwa video, anarekodi somo anaweka, leo macho, wiki ijayo pua. Sikuanza ili kupoteza muda. Mama yangu mzazi alifia kijijini kwetu Haneti nikiwa msichana, na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Ndugu zangu wote wametangulia. Sura ya mama imebaki kwenye kichwa hiki kimoja tu, tena chenye presha. Nikiondoka mimi, na yeye ndiyo basi tena. Nikanunua daftari na penseli, kila asubuhi nikimaliza kufagia nakaa sebuleni, simu naiegemeza kwenye chupa ya chai, nachora.

Jicho la kwanza lilitoka kama zabibu iliyokanyagwa. Sikukata tamaa. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Polepole nikapata paji la uso la mama na ile alama yake ya duara, nikapata macho, nikapata masikio yaliyotobolewa yakaning'inia, kama walivyokuwa akina mama wa Kigogo wa zamani. Masikio hayo hata mwalimu hakuyafundisha, niliyatafuta mwenyewe. Siku yalipokaa sawa nililia peke yangu hapo hapo kwenye kochi.

Sasa sikieni kosa langu. Yule binti kila somo anaanza, "Shikamooni wazazi wangu." Nami naitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Yeye anaendelea zake, mimi nanoa penseli. Najua ni video! Sijachanganyikiwa. Lakini mama alinilea kwamba salamu haiachwi chini. Hata mtu akikusalimia kutoka ng'ambo ya shamba, unaacha jembe, unaitikia. Ukinyamaza umemwambia hukumwona. Mdomo unatoka wenyewe, nifanyeje?

Siku hiyo mwanangu alikuwa likizo. Akasimama mlangoni nyuma yangu, akanirekodi naitikia marahaba, namuuliza binti wa kwenye simu kama nyumbani kwao hawajambo. Akaitupa kwenye grupu la familia na maneno, "Mama anaongea na video." Wakacheka wee. Kumbe mmoja akairusha nje, na nje kukawa nje kweli. Nikaenda sokoni, muuza mboga kuniona tu akapasuka, "Jamani, Bibi Marahaba huyo!" Nilirudi nyumbani bila hata fungu la mchicha. Mtu niliyemzaa mwenyewe kanivua nguo mbele ya watu!

Mnadhani aliniomba radhi? Thubutu! Klipu ilipofika ofisini kwake wenzake wakamtania, akarudi amevimba.

"Mama, unanitia aibu."

"Mimi? Nani alishika simu akarekodi?"

"Umri wako ni wa kupumzika na kusali, mama. Kuchora ni mambo ya chekechea."

Akachukua simu yangu, niliyoinunua mwenyewe kabla sijahamia kwake, akaifungia kabatini, ufunguo mfukoni. Nikamuuliza atanirudishia lini. Akanijibu bila haya, "Siku utakayoniahidi hutaitikia tena."

Haki ya Mungu! Mtoto niliyemfundisha shikamoo mimi, niliyekuwa namfinya sikio akipita kwa wakubwa kimya, leo ananifundisha kunyamaza! Tangu siku hiyo chakula namwekea mezani, karibu simwambii. Asubuhi akija na "Shikamoo mama", namwangalia tu. Si ndicho alichotaka? Anasimama pale na begi lake, anarudia, "Shikamoo mama." Mimi kimya. Wiki ya pili sasa. Kuna siku niliona macho yake yamelowa, nikageuka nikaendelea kuchambua maharage.

Jana jirani yangu alikuja mbio na simu yake, akasema, "Mama, somo jipya limetoka, njoo uone." Lilikuwa somo la mdomo, lile nililokuwa nalisubiri. Binti akasema, "Shikamooni wazazi wangu." Halafu akanyamaza. Akatulia anatutazama kama mtu anayesubiri kujibiwa. Kisha akatabasamu, akasema, "Asante mama." Klipu imemfikia na yeye! Nilitaka kuitikia, nikajikuta nafuta macho kwa kanga. Kabla somo halijafika nusu jirani akaitwa kazini, akaondoka na simu yake. Ana shughuli zake, siwezi kumvizia kila siku, na leo kaniachia bando la maneno tu, la video limeisha.

Kwa hiyo mama yangu yuko kwenye daftari ana macho, pua, masikio, lakini chini ya pua ni peupe. Mdomo wake ulikuwa na pengo la meno ya chini, akicheka pengo linatangulia. Nikijaribu mwenyewe anatoka mtu mwingine, na mkono umeanza kutetemeka. Ningerudi Haneti kwenye nyumba ya marehemu mume wangu, ila huko mtandao mpaka upande kilima, na magoti yangu hayataki.

Mtoto wa watu, hanijui, amenisubiri niitikie. Wangu wa kumzaa anataka ahadi.

Nishaurini wanangu, nifanye nini? Nifunge mdomo wangu ili mama yangu apate wake?