Deo, njoo ubishe habari ya jaruba

Siamini bado kwamba nimeamka leo, nimeshika simu, na Deo hayupo wa kuniambia "uongo mtupu".

Wajomba zangu mnaonifuata humu mnamjua. Kila nikichapisha kitu, comment ya kwanza ilikuwa yake. Niliposimulia nilivyomfukuza kiboko kwa kandambili, aliandika: "Uongo mtupu. Alikuwa ndama wa jirani, na aliyekimbia ni wewe Libe."

Deo ni mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo ni mtani wangu wa damu. Tumemzika jana hapa Ifakara. Basi leo namsema mimi, hana pa kunijibia.

Hii intaneti ya majumbani, kuanzia mjini hapa mpaka Kisawasawa, mpaka Chita kule, ni yeye aliyeisambaza, kwa antena za juu ya paa.

Mwanzoni alikuwa na router moja, kaboksi kadogo ka kugawa njia za mtandao. Jioni watu wote wakiingia, kanakohoa. Wateja walimtukana mpaka akaacha kupita sokoni. Na router kubwa ya kiwandani, bei yake unapata trekta na jembe lake!

Akaenda Dar, akarudi na server iliyotumika, likompyuta lizito, kaifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Vijana wanne walishindwa kuishusha kwenye basi. Niliibeba mimi, kichwani, mkono mmoja nimeshika soda.

"Router ziko wapi?" nikamuuliza.

"Zimo humo ndani. Nne."

Nikachungulia kila tundu. "Mbona sioni hata moja?"

"Hutaziona, Libe. Ni programu. Router ni kazi, siyo boksi. Kompyuta yenye nguvu ukiigawa vizuri, kila kipande kinafanya kazi ya router nzima."

Nilielewa hapo hapo. Ni kama mayai ndani ya kuku. Nikauelimisha mtaa mzima. Mama mmoja akauliza huyo kuku anataga lini.

Ila ilipowashwa, mwendo ni uleule wa konokono. Deo akakonda. Wateja walishaanza kuondoka mmoja mmoja, na kazi ile ndiyo ilikuwa shamba lake na ng'ombe wake. Hakuwa na nyingine.

Sasa tulieni, hapa ndipo ninapoingia mimi.

Tulikuwa shambani kwangu, tope mpaka magotini, nagawa maji kwenye majaruba ya mpunga. Deo kasimama juu ya tuta, kaegemea jembe, analalamika tu. Eti data zote lazima zipite kwanza kwenye programu moja inayosimamia server, ndipo zigawiwe kwenye router.

Nikamwambia bila hata kuinua kichwa: "Jaruba linalongoja maji yapite kwa mwenzake litakauka. Kila moja lichimbie mfereji wake kutoka mtoni."

Akanitazama. Akatupa jembe. Akakimbia na matope yake mpaka mjini.

Jioni ile kila router ikawa na njia yake ya moja kwa moja kwenye kadi ya network, pale data zinapoingilia, na nguvu yake ya kompyuta ambayo mwenzake haigusi. Mtandao ukafunguka kama mto Kilombero wakati wa masika. Nilifungua video mbele ya watu, ikaanza kabla sijabonyeza!

"Haya, waambie ni wazo la nani," nikamwambia.

"Wazo gani? Mimi nilikuwa nakimbilia choo. Yale maharage yako, Libe."

Tangu hapo hajakubali. Nilimuuliza harusini, nikamuuliza kwenye ubatizo. Choo. Na akija fundi mgeni unamsikia anamwonyesha: "Hili ni jaruba la kwanza, hili la pili." Jaruba alilitoa wapi, chooni?

Siku alipotaka kuhamia server mpya nilimwambia, hama saa ya mpira uone kama sitajua, mimi nausikia mtandao ukipiga chafya. Nikakaa baa mbele ya TV inayoonyesha mpira kwa mtandao wake, bila kupepesa. Akaja, akakaa pembeni yangu, akaagiza chai.

"Unahama saa ngapi?"

"Tumeshahama tangu kipindi cha kwanza. Router ya server mpya ilishika njia, ndipo ya zamani ikaachia."

Picha haikutikisika. Hata refa hakujua.

Jana makaburini nikafanya kazi yangu ya utani. Nilisimama mbele ya jeneza na lile lile jembe: "Hapiti mtu hapa mpaka ukoo useme jaruba lilikuwa la nani!"

Shemeji Yustina, mke wake, ambaye sasa ndiye anayeiangalia server, alikuwa nyuma ya jeneza. Akafuta macho kwa khanga.

"Shemeji, alijua utasimama hapo. Ameniachia jibu lako."

"Alisemaje?"

"Alikuwa anakimbilia choo."

Watu walicheka mpaka wabebaji wakaweka jeneza chini. Yustina mwenyewe akacheka. Nikapisha njia. Nimepigwa bao na marehemu, jamani!

Deo, Yustina anasema kila kitu kinatembea, kuanzia hapa mpaka Chita. Wewe umeachia, njia imeshikwa, hakuna aliyekatika. Na maneno haya yanapita kwenye jaruba langu sasa hivi.

Wajomba, najua mtaniandikia pole. Msiniandikie. Ile soda ya mkononi nilipobeba server nimeitia humu makusudi, ili yeye apate cha kubisha. Aliyempenda Deo aandike hapo chini, "Uongo mtupu."

Lala salama, mtani wangu, na sasa usikimbie tena. Jaruba ni langu.