Fanueli Hakimbii Jumatano

Mwanamume wa miaka arobaini na minane alipita Usagara, pale mwanzo wa mji, mbio, machozi yanamtiririka, na watu wakampigia makofi.

"Haya mzee, kaza! Waonyeshe vijana!"

Wangejua anakimbilia nini, wangenyamaza.

Ilikuwa mwaka hamsini na sita, siku ya Jumatano, jua la alasiri. Hiyo Jumatano ishikeni, ina kazi yake mbele.

Mwenyewe aliitwa Fanueli. Mshambaa, Mlutheri, aliyeteremka milimani kuja kukata mkonge katika shamba moja kupita Pongwe. Akishamaliza kipande chake cha kazi, anavua viatu na kuingia barabarani kukimbia.

Kukimbia tu. Hafukuzwi, hafukuzi mtu.

Enzi zile mtu mzima akikimbia, ujue kuna msiba. Siku za mwanzo wanawake wa Pongwe wakimwona walikuwa wanajifunga kanga viunoni na kuulizana, "Kafa nani?" Baadaye wakamzoea. Akipita, hata kuku hawashtuki.

Ujanani alikimbia kama wenzake: kila siku, na kila siku kwa nguvu zote. Kwenye mashindano ya mashamba ya mkonge aliongoza mwanzo, akaishiwa katikati. Alipofika arobaini magoti yakavimba. Wakamwambia, "Basi tena, umri umekwenda."

Hakuacha. Alibadilisha tu. Siku nyingi akawa anakimbia polepole huku anaimba nyimbo za kanisani. Pumzi ikikataa wimbo, anajua kazidisha. Siku moja katika wiki anapanda kilima kwa nguvu. Chakula anakula cha kushiba, usingizi haupunguzi.

Na Jumatano hakimbii hata kwa dawa. Jumatano anavaa suruali yake ndefu, anakwenda kukaa kwenye baraza ya duka la Bi Shemsa pale Pongwe, anakunywa kahawa.

Mume wa Bi Shemsa, Yaarub, Mwarabu mwenye lori la kubeba machungwa ya Muheza, alikuwa mtani wake.

"Fanueli, mkimbiaji gani anakaa barazani kama bi harusi?"

"Naipumzisha miguu, Yaarub. Ikipumzika ndiyo inapata nguvu."

"Nguvu gani! Hiyo imezeeka, mrudishie mwenyewe!"

Lakini mwaka ule, kwenye mashindano ya mashamba, mzee alikuwa amemaliza wa pili, kitu ambacho hakuwahi kukipata alipokuwa na thelathini. Aliyemshinda ni mmoja tu: Laurenti, mkwe wake, mume wa binti yake Ruthi.

Basi, Jumatano ile, kambini kwa wakata mkonge, Ruthi akajifungua.

Mtoto alitoka salama, analia. Kondo la nyuma likakataa kutoka. Damu haikatiki.

Mkunga, Bi Semeni, alitoka nje mikono imelowa mpaka viwiko.

"Mimi hapa nimefika mwisho," alisema. "Apelekwe mjini kwa daktari. Jua likizama bado yuko hapa, tutamzika."

Meneja wa shamba alikuwa kasafiri na gari. Ofisi yenye simu kaifunga. Baiskeli ya nyapara haina tairi.

Laurenti hakungoja kuambiwa. Alichomoka, akapotelea kwenye njia ya mkonge.

Fanueli naye akaanza. Polepole.

"Baba Ruthi!" Bi Semeni alipiga kelele nyuma yake. "Mwanao anakufa, wewe unatembea?"

Maneno yale yalimwingia kama mwiba wa mkonge. Mwili wote ulimwambia lipuka. Lakini mjini ni mbali. Akilipuka sasa ataishia njiani, na yeye akiishia njiani Ruthi naye kaishia kitandani.

Akajizuia. Akajaribu kuimba ili apime pumzi. Wimbo ukagoma, yakatoka machozi.

Kabla hajafika barabara kuu akamkuta Laurenti kapiga magoti katikati ya mkonge, kashika ubavu, anatapika.

"Baba... nimeshindwa."

"Rudi kwa mkeo. Mshike mkono, mwambie baba yake amekwenda."

Akampita.

Barabarani akasikia ngurumo nyuma. Lori la Yaarub, linatoka Muheza! Fanueli akapunga mikono yote miwili.

Sasa, hao wawili walikuwa na mchezo wao. Fanueli akipunga mkono, ndiyo wanaanza kushindana mpaka kwenye kona. Yaarub akapiga honi na kutoa kichwa dirishani.

"Leo hunipati, babu wee!"

Akakanyaga mafuta. Fanueli alipaza sauti, vumbi likaimeza.

Hapo nusura akate tamaa. Miguu ilitaka kusimama, roho ilitaka kulikimbilia lori. Hakufanya hili wala lile. Akashusha mabega, akaitafuta pumzi yake, akaendelea na mwendo wake uleule.

Kule Pongwe, Yaarub akashuka dukani anacheka peke yake.

"Shemsa, rafiki yako nimemwacha kule nyuma anakula vumbi."

"Rafiki yangu yupi?"

"Fanueli. Anakimbia."

Bi Shemsa alikuwa ameshamwekea Fanueli kikombe chake barazani. Akakitazama kile kikombe.

"Yaarub, leo Jumatano."

"Ehe, kwa hiyo?"

"Fanueli hakimbii Jumatano. Geuza gari."

"Hebu niteremshe machungwa kwanza..."

"Geuza gari nakwambia! Huko kuna mtu anakufa!"

Akapanda naye, mtandio begani, duka wazi.

Walimkuta bado yumo barabarani, mwendo haujabadilika.

"Panda, ndugu yangu!" Yaarub alisema. Utani umemwisha.

"Sipandi. Ruthi kajifungua, damu haikatiki. Mfuateni kambini. Mimi natangulia kwa daktari wa kupasua. Yuko mmoja tu, akishaondoka leo hatumpati."

Lori likaenda. Machungwa yote Yaarub aliyamwaga kando ya njia, akabakiza magunia matupu ya kumlazia mgonjwa.

Fanueli akapita Pongwe. Ujanani, umbali kama huo ndipo alipokuwa anaishiwa. Siku ile ndipo miguu ilipofunguka. Sasa akairuhusu. Nguvu zote alizozizuia tangu kambini akazitoa, mpaka Usagara, kwenye makofi ya watu wasiojua kitu.

Getini pa hospitali daktari alikuwa ndani ya gari, injini inawaka.

Fanueli akasimama mbele ya gari, akaweka viganja viwili juu ya boneti ya moto.

"Wewe mzee una wazimu?" bawabu alimvuta shati.

"Binti yangu yuko njiani anakuja. Anatokwa na damu ya uzazi. Ukiondoka, bwana, atakufa."

Daktari akamtazama. Akazima gari.

Lori liliingia jua linagusa mapaa. Lilikuja polepole, maana kila shimo lilimtoa Ruthi ukelele. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Bi Shemsa. Mlango wa chumba cha kupasulia ulikuwa tayari wazi.

Ruthi alipona.

Nina hakika, kwa sababu Ruthi ni mimi.

Habari za njiani alinisimulia baba mwenyewe, na za dukani Bi Shemsa. Mimi nakumbuka harufu ya machungwa tu.

Nyinyi mnaoambiwa, "Umri umekwenda, kaeni chini," msikae. Badilisheni mwendo. Anzeni taratibu, na siku ya kupumzika iheshimuni kama siku ya kazi. Baba aliheshimu yake mpaka watu wakaijua, na siku alipoivunja, kuna aliyeshtuka.

Laurenti alimfuata baba baada ya wiki.

"Baba, nifundishe kukimbia."

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Basi kaa, unywe kahawa."

Alikaa. Na mume wangu huyo alipofika arobaini alikimbia vizuri kuliko mwaka alionioa. Vijana wakija Jumatano kumwita mazoezini, hakuwa anajibu yeye. Alikuwa anajibu Yaarub, kutoka ndani ya duka:

"Jumatano? Nyinyi hamna adabu?"