Lenzi za Wifi Yangu

Vitu vya kazi vya mume wangu viligawanywa Malolo, nyumbani kwa mama mkwe, baada ya arobaini. Alikuwa mpiga picha. Watu wa Nachingwea na Ruangwa walimjua kwa harusi, mahafali na picha za paspoti. Hakuacha vingi: nyumba tuliyokuwa tumeanza kuijenga, shamba la mikorosho, pikipiki, kamera moja na begi lenye lenzi nne. Tulijaliwa mtoto mmoja tu, wa kike, kwa hiyo dada wa marehemu naye alikuwa na haki yake katika mirathi. Wazee walikaa na shehe wakapiga hesabu zao vizuri, bila dhuluma. Walipofika kwenye vitu vya picha wakaona wafanye usawa: kamera apewe mjane, begi la lenzi apewe dada.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wazee wale hawakujua kwamba kamera ya namna ile ukiiondoa lenzi haipigi chochote, na lenzi peke yake ni kipande cha kioo. Mimi nilijua. Lakini nilikuwa ndani, bado niko eda, nasikia tu sauti ya baba mkwe mdogo kupitia pazia. Isitoshe mimi ni mtu wa kuja. Kwetu ni Singida. Nachingwea nililetwa na kazi ya ualimu. Sikutaka ionekane nabishania mali za watu. Nikanyamaza.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Wifi yangu, huyo aliyepewa lenzi, alikuwa amesema neno msibani mbele ya wanawake wote: "Mlichelewa kumpeleka hospitali." Alisema "mli", lakini macho yalikuwa kwangu. Tangu hapo tulisalimiana kwa heshima na basi.

Wifi anaishi Nkowe. Analima ufuta na korosho, na ndoa yake ilikwisha zamani. Kaka yake alipokuwa hai, wifi ndiye aliyekuwa akimbebea begi na kumshikia taa kwenye harusi. Mimi nilikuwa msaidizi wa pili. Mume wangu alinifundisha kupiga picha ili siku akibanwa nikamalizie kazi, na nikaipenda kuliko alivyotarajia.

Eda ilipokwisha, mzee mmoja wa Ruangwa akanipigia simu. Alikuwa anaoza binti, na picha za binti wa kwanza zilipigwa na marehemu. "Sitaki mtu mwingine," alisema. "Njoo wewe mke wake." Nikapanda gari mpaka Ruangwa, kisha bodaboda mpaka Nkowe, nikamkuta wifi anapepeta mtama. Nikamwomba aniazime lenzi kwa siku moja.

"Siazimi," akasema, bila kuacha kupepeta. "Zikitoka, zinatoka na mimi."

"Basi twende wote."

Ndivyo tulivyoanza. Siku za kazi nafundisha, na Jumamosi nakutana na wifi kwenye harusi, yeye na begi lake, mimi na kamera yangu. Alinipa lenzi niliyohitaji kabla sijaitaja. Aliwapanga wazee kwa Kimwera, kwa sababu wengi wao Kiswahili changu cha shuleni kiliwachosha. Tuliongea habari za kazi tu: sogea huku, jua linageuka, bibi yule hajaingia kwenye picha. Kazi ikiisha tunagawana kilichopatikana, kila mtu anashika njia yake. Tulikwenda hivyo miaka, na wateja walizidi.

Kamera ndiyo iliyochoka kwanza. Ilikuwa ya zamani hata marehemu aliponunua, ile yenye kioo kidogo ndani kinachoruka juu kila unapobonyeza. Ilianza kwa kutoa picha zenye mstari mweusi upande mmoja. Fundi aliisafisha, ikakubali, ikarudia. Halafu siku moja mjini Ruangwa, bwana harusi anamvisha pete bibi harusi, kioo kikaruka juu kikakwama huko huko. Nilibonyeza, nikazima, nikawasha. Hakuna kitu. Tulimalizia shughuli kwa simu yangu, huku mjomba wa bwana harusi akituangalia kama watu waliokuja kula tu.

Usiku huo sikulia wala sikulaumu mtu. Niliamua nitanunua kamera mpya, na safari hii itakuwa zile zisizo na kioo ndani, ambazo vijana wa picha wanaziita miroles. Fundi alikuwa ameshaniambia kwamba vipuri vya ile yangu vimekuwa taabu kupatikana, na sikutaka kununua uzee mwingine.

Nikampigia muuzaji wa Dar es Salaam. Kijana, ana adabu, anajua bidhaa zake.

"Mama, hii inakuja na lenzi yake," akaniambia. "Nyepesi, inafanya kazi zote. Hizo za zamani uza. Hutazihitaji tena."

Maneno hayo yalinikaa kichwani siku kadhaa. Kamera na lenzi yake. Ningeweza kwenda harusini peke yangu, bila kusubiri mtu, bila yale macho. Sitasema sikulifikiria hilo. Nililifikiria nikisahihisha madaftari, nikalifikiria nikichota maji. Kila nilipofika mwisho nilijiona nimesimama mbele ya wazee wa Narung'ombe nikiwaomba wasogee, na wao wamesimama tu. Nilizifikiria pia lenzi zenyewe. Ile fupi nene ya kupigia sura ilikuwa nzima kabisa. Hakuna kosa ililowahi kunifanyia. Vidole vyangu vilizijua zote nne gizani.

Nilimpigia wifi nikamweleza mambo yote, pamoja na alichosema muuzaji. Sikutaka aje asikie kwa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akakata simu.

Jumapili yake alikuja Nachingwea. Nilisikia pikipiki nje, nikatoka, nikamkuta ameshashuka, vumbi mpaka kwenye kope, begi amelifunika kwa khanga. Akaingia, akaliweka mezani kwangu.

"Nimezileta. Za nini kwangu? Ziuze, uongezee kwenye kamera yako."

"Siziuzi," nikamwambia. "Kuna kifaa kinaitwa adapta. Ni kama pete. Kinafungwa kati ya kamera mpya na lenzi ya zamani, zinashikana. Nitanunua bodi tupu, yaani kamera isiyo na lenzi, na hiyo pete. Lenzi ni hizi hizi."

"Si umesema hiyo mpya ina lenzi yake?"

"Nimesema muuzaji amesema."

Alikaa. Nikampa maji, akayashika bila kunywa.

"Wifi," akasema, "usininunulie pete kwa kunionea huruma. Ukitaka kwenda peke yako, nenda. Sitakuchukia."

"Nani atawapanga wazee wenu? Nani ataniambia huyu ni shangazi wa bibi harusi, asisahaulike? Nakuhitaji kazini. Huruma sina muda nayo."

Akacheka kidogo, puani. Nikaona kama sitauliza siku ile sitauliza tena, nikamuuliza.

"Bado unaamini nilichelewa kumpeleka hospitali?"

Aliyanywa yale maji yote kwanza.

"Ndiyo," akasema. "Naamini. Lakini si lazima tuache kazi."

Nilitaka kumweleza tena jinsi siku zile zilivyokwenda, jinsi kaka yake alivyokuwa akisema ni uchovu tu. Nilikuwa nimeshalieleza hilo kwa watu wengi, na maelezo hayakuwa yamembadilisha yeyote. Nikaona nilichukue jibu lake kama lilivyo. Alipoondoka aliliacha begi mezani, ili niende nalo dukani kujaribia. Haikuwahi kutokea kabla ya siku hiyo.

Likizo ilipofika nikaenda Dar es Salaam, begi nimelipakata njia nzima. Yule kijana wa dukani Kariakoo alinikaribisha, akanitolea kamera, ndogo kuliko nilivyodhani. Alipoliona begi akatabasamu.

"Mama, hizo umezibeba za nini?"

"Ndizo nitakazopigia."

Akaleta adapta aliyokuwa nayo. Tukafunga ile lenzi fupi. Kamera ikaandika kwamba haioni lenzi, picha ikatoka nyeusi.

"Unaona?" akasema kwa upole. "Chukua hii yenye lenzi yake, upumzike."

Nikaichungulia ile pete. Ilikuwa chuma kitupu.

"Hii haina vidoti vya shaba kwa ndani," nikasema. "Kuna yenye vidoti, ambayo kamera na lenzi zinasemezana. Nimeangalia video nyingi, mwanangu. Hiyo ndiyo ninayotaka."

Akasema hana, labda ipatikane duka jingine. Nikamwambia aniwekee kamera yangu, naenda kuitafuta. Nilizunguka mchana kutwa. Wengine walinionyesha pete ile ile tupu, mmoja alitaka kuniuzia adapta ya chaji. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya studio, ghorofani, ndiye aliyefungua droo akanitolea yenye vidoti. Nilirudi kwa yule kijana miguu inawaka. Tukafunga tena lenzi, nikamlenga yeye mwenyewe, na kabla sijamaliza kupumua kamera ikawa imeshalikamata jicho lake. Akaiangalia picha yake kwa muda mrefu.

"Hii lenzi ni nzuri," akakiri.

"Najua," nikasema.

Niliporudi sikupumzika Nachingwea. Nilikwenda moja kwa moja Nkowe, tukakaa kibarazani kwa wifi tukajaribu lenzi moja baada ya nyingine. Tatu zilikubali bila shida. Ya nne, ile ndefu, ilikuwa ya kampuni tofauti na zile nyingine, na iligoma. Ilikwenda mbele, ikarudi nyuma, ikakoroma, haikutulia popote. Wifi akanyong'onyea. Ndiyo iliyokuwa kipenzi cha kaka yake.

"Itatumika," nikamwambia. "Tutaizungusha kwa mkono."

Nikaizima ile sehemu inayoifanya kamera ijiondolee ukungu yenyewe, nikawasha msaada mmoja niliousoma: unapochungulia kwenye kamera, kitu kinachoonekana bila ukungu kinazungukwa na mstari mwekundu. Nikampa achungulie. Miaka yote ile alikuwa amezibeba lenzi, lakini kuchungulia alikuwa hajachungulia, wala kaka yake na mimi hatukuwahi kufikiri kumwambia. Aliielekeza kwa mbuzi wa jirani aliyefungwa ng'ambo ya njia.

"Naona ukungu."

"Zungusha pole pole."

Akazungusha. "Wekundu uko kwenye kamba. Sasa uko kwenye ndevu." Akazungusha tena kidogo. "Sasa uko machoni."

"Bonyeza."

Akabonyeza, akaitoa kamera usoni. "Mbona haijapiga kelele?"

"Hii haina kioo cha kuruka."

Tuliitazama ile picha. Jicho la mbuzi lilikuwa kali, ungeweza kuhesabu kope. Wifi alimpiga picha yule mbuzi mpaka betri ikaanza kulalamika. Hilo nalo tulijifunza siku hiyo: kamera hizi zinakula betri. Nikaagiza nyingine mbili.

Harusi ya kwanza ilikuwa Narung'ombe, msimu wa korosho, vumbi limetanda kila mahali. Kamera mpya ina udhaifu wake. Ukitoa lenzi, kile kipande cha ndani kinachopokea picha kinabaki wazi, hakuna kioo cha kukikinga. Wifi alilitatua kwa khanga. Alijifunika pamoja na kamera kama anayenyonyesha, mikono ikafanya kazi chini, akatoka na lenzi nyingine imeshafungwa. Wanawake wakamcheka. Hakujali.

Bibi harusi alipotolewa nje kuaga, watu walisukumana mpaka nikashindwa kupata nafasi. Watoto walikuwa miguuni, simu za vijana zimeinuliwa hewani. Lazima mtu awarudishe nyuma, na lazima mtu apige. Nikageuka nikampa wifi kamera, ile lenzi ndefu ikiwa juu yake.

"Piga wewe. Mimi nawatuliza watu."

"Mimi?"

"Wewe. Machoni, kama kwa mbuzi."

Sikumwona tena kwa muda. Nilikuwa nasukuma mabega ya watu nikiomba samahani kwa Kimwera changu kibovu, na nadhani kilisaidia kwa sababu kiliwachekesha. Nilipomtafuta alikuwa amesimama mbali kabisa, ukutani mwa jiko, kamera usoni, mkono wa kushoto unazungusha taratibu, haangalii mtu.

Wiki iliyofuata tulikaa kwake kuchagua picha kwenye kompyuta yangu ya mpakato. Nyingi za kwake zilikuwa na ukungu, nikazifuta, akakubali. Lakini zilikuwepo kumi na kitu zilizosimama vizuri, na kati ya hizo mbili zilikuwa za mama wa bibi harusi. Kwenye moja anatabasamu. Kwenye nyingine amekaa peke yake kwenye gunia karibu na ghala, amevua viatu, anajifuta jasho kwa pindo la khanga, binti yake anaonekana kwa mbali anaingia garini.

"Tupeleke hii ya kutabasamu," nikasema. "Ile nyingine watasema tumemdhalilisha. Hata viatu hana."

"Ametembea tangu alfajiri," wifi akasema. "Mwache avue viatu. Mimi ndiye niliyempiga, nasema iende hii."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hatukuwahi kubishana hivyo, kwa sauti, kama watu wa nyumba moja. Mwisho nikaziweka zote mbili kwenye flashi, tukazipeleka, familia ichague yenyewe.

Siku chache baadaye baba wa bibi harusi akanipigia. Alitaka ile ya kwenye gunia isafishwe kubwa, ya kuning'iniza sebuleni, na akauliza nani aliipiga, maana mke wake anataka kujua. Nikamtajia. Kisha nikampigia wifi kumpa habari. Alikuwa shambani anaokota korosho, upepo unavuma kwenye simu.

"Nilikwambia," akasema, na akaniuliza kama Jumamosi nitafika kwa gari la asubuhi au la mchana.